Shauri la Waridi na Msimamizi Wake

Pale dobi, palipofuliwa mashuka ya hospitali na ya hoteli, mtu hakuwa mfanyakazi kamili mpaka msimamizi ampe jina. Wengine watakuambia kinachomfanya mtu mfanyakazi ni mkataba, au ile sare ya kijani yenye mfuko kifuani. Porojo tupu. Ungeweza kuvaa sare mwezi mzima na kubeba matenga ya mashuka ya hospitali mpaka mgongo ukaomba msamaha, na bado ukaitwa "wewe." Kisha siku moja msimamizi angekutazama, kichwa kimeinama upande, tabasamu likimcheza mdomoni, na jina lingetoka. Likishatoka, limetoka.

Dereva wa gari la mashuka aliitwa Nakuja, kwa kuwa ndilo jibu alilokupa kila ukimpigia simu, awe yuko njiani au bado yuko kitandani. Mkuu wa wakunjaji, mama mwenye mikono mirefu aliyeimba puani toka asubuhi hadi jioni, aliitwa Kinanda. Na mfuaji mmoja, pande la baba lenye ndevu na sauti inayotoka chini kabisa ya tumbo, aliitwa Waridi.

Waridi alilipata jina lake alipokuwa mgeni. Aliingiza mashuka meupe ya hospitali kwenye mashine bila kupekua tenga, na ndani mlikuwa na soksi moja nyekundu. Moja tu, tena ndogo. Mashuka yalitoka yamepata rangi ya waridi kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, mazuri ajabu, ungetamani kuyafanyia harusi. Msimamizi alikuja, akayaona, akamtazama yule baba na ndevu zake, akatamka. Watu wakavunjika mbavu. Hata mwenyewe alicheka.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwepesi wa miguu na wa maneno, na kutoa majina ilikuwa starehe yake tu. Kazi aliyojivunia hasa ilikuwa kusikiliza malalamiko. Mwenye dobi, ambaye wote walimwita Bosi, aliogopa ugomvi kuliko moto. Akisikia sauti mbili zimepanda, alikumbuka ghafla kwamba ana miadi mjini. Kwa hiyo malalamiko yote alimwachia yeye. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, msimamizi aliketi kwenye stoo ya mashuka safi, mlalamikaji akaketi mbele yake kwenye benchi, na shauri likaisha kabla benchi halijapata joto.

Siri ya kasi hiyo ilikuwa kwamba aliyajua malalamiko kabla hayajasemwa.

"Mama, nimekuja kuhusu viatu vya—"

"Najua. Vya mpira. Vinavuja. Jumatatu utapata vipya. Mwingine!"

Na mara nyingi alipatia, huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Mtu anayepatia mara nyingi haangalii tena zile mara anazokosea. Akienda nyumbani jioni kichwa kimemvimba, alimwambia mumewe kwamba dobi nzima hakuna mtu aliyeondoka mbele yake bila jibu. Hilo lilikuwa kweli. Majibu waliyapata wote.

Ijumaa moja Waridi akaingia stoo, akaketi, benchi likalia.

"Najua," msimamizi akasema. "Glavu."

"Siyo glavu, Mama."

"Najua, zamu. Umechoka na zamu ya asubuhi."

"Zamu ni nzuri tu."

"Basi ile mashine ya pembeni inayotikisika. Fundi anakuja, nimeshamwambia."

Waridi alingoja, mikono imelala magotini, kama mtu aliyejikinga barazani mpaka mvua ipite. Msimamizi alipoishiwa, akasema, "Nimekuja kulalamika kuhusu jina. Na ninayemlalamikia ni wewe."

Msimamizi alitoa macho. Waridi akapata nafasi ya kueleza. Mkuu wa chumba cha kufulia alikuwa amestaafu, amekwenda kuishi na wajukuu zake. Nafasi ile kila mtu alijua ni ya nani: Waridi ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wote, na mashine ikigoma, fundi mwenyewe alimuuliza yeye kwanza. Lakini wiki hii metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali iliyokuwa mteja wao mkubwa, alikuja akamuuliza Bosi nani atakayesimamia ufuaji wa mashuka yake. Bosi akasema ni Waridi. Metroni akauliza, huyo Waridi ni yule mwenye ndevu? Kwa nini anaitwa hivyo? Na Bosi, ambaye kisa kitamu hakijawahi kukaa tumboni mwake, akamsimulia yote, huku akionyesha kwa mikono. Metroni alicheka mpaka akafuta machozi. Alipomaliza kuyafuta, akasema tafadhali mashuka ya chumba cha upasuaji yasiwekwe mikononi mwa mtu huyo.

"Kwa hiyo Bosi analeta mtu wa nje," Waridi alisema. "Kaniambia jana. Kaniambia kwa upole sana."

Sasa tazama msimamizi alichofanya, na usimcheke mapema. Alijiweka sawa kitini, akasema kwamba haki inataka pande zote mbili zisikilizwe. Kisha akausikiliza upande wa pili, yaani wake mwenyewe. Alieleza kwamba msimamizi hakuwa na nia mbaya, kwamba ulikuwa utani tu, na kwamba kila mtu pale ana jina. Maelezo hayo yakamridhisha. Kuhusu ile nafasi, akasema hayo ni mambo ya Bosi, hayamhusu. Shauri likaisha.

"Sawa, Mama," Waridi akasema, akanyanyuka, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, na msimamizi akabaki anauangalia.

Jioni hiyo alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu aliyezoea kusikia habari za watu huku mikono ikifanya kazi, na wakati huo alikuwa mezani anaitia mafuta mashine yake ya kunyolea.

"Nani alikuwa hakimu?" mume akauliza.

"Mimi. Si ndiyo kazi yangu?"

"Na mshtakiwa?"

"Mimi."

"Na nani kashinda?"

Msimamizi akamtupia taulo. Mume akalidaka, akafutia mafuta. "Mke wangu, mteja akinilalamikia kwamba nimemkata sikio, siwezi kumjibu kwamba nimelikagua mwenyewe, liko salama. Tena kuna kitu nimekuwa nataka kukuambia siku nyingi. Wewe ukiwa na watu huwa—"

"Najua," akasema msimamizi.

Mume akamwangalia, akatabasamu, akaendelea na mashine yake.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Bosi. Alikuwa anakwenda kujiweka kwenye kuti kavu kwa miguu yake mwenyewe. Kama Waridi angeshinda, Bosi angeweza kusema msimamizi gani huyu, na ile kazi ya Ijumaa, fahari yake, ikaenda kwa mwingine. Akapiga moyo konde.

"Shauri lile siwezi kulisikiliza mimi, Bosi. Nililisikiliza jana na nililiharibu. Na huyo mtu wa nje mwambie asubiri kwanza."

"Basi nani alisikilize?" Bosi akauliza, mkono tayari uko kwenye funguo za gari. "Mimi nina miadi."

"Na nani?"

"Bado sijapanga."

Mwisho wakakubaliana wafanyakazi wamchague wanayemwamini, ila Waridi na msimamizi wote wawili wamkubali. Wakamchagua Kinanda. Msimamizi aliposikia, aliuliza mara mbili. Kati ya watu wote! Mwezi uliopita tu Kinanda alikuwa amekuja na lalamiko lake, naye akalimaliza kwa kumpiga marufuku kuimba wateja wakiwepo. Lakini akikataa angesema nini? Akakubali, uso ukitabasamu.

Shauri likasikilizwa Jumatatu, kwenye chumba cha kukunjia, katikati ya meza ndefu na marundo ya mashuka yenye joto la mashine. Kinanda hakuweka kiti wala benchi.

"Kazi haitungoji," alisema. "Mtakunja huku mnaongea. Waridi ataongea mpaka rundo lake liishe, kisha Mama naye rundo lake. Asiyekuwa na zamu ya kuongea, anakunja."

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika kona mbili, mwingine mbili, wanalivuta mpaka linyooke, wanasogeleana, kona zinakutana, wanarudi nyuma, wanasogeleana tena. Msimamizi alikuwa amewafundisha wengi kazi hiyo, lakini miaka mingi alikuwa haifanyi yeye. Sasa akajikuta kila baada ya muda mfupi yuko uso kwa uso na Waridi, vidole vyao vikigusana kwenye kona, na hana pa kuangalia isipokuwa machoni mwake.

Waridi aliongea taratibu. Mungu wangu, taratibu iliyoje! Kati ya neno na neno ungeweza kukunja foronya.

"Ile soksi niliiingiza mimi," alianza. "Simsingizii mtu. Na jina mlipolitoa nilicheka. Nikasema, aa, wamenipokea."

Neno likamjaa msimamizi mpaka kwenye meno. Umeona? Alicheka! Kinanda akainua kidole kimoja, akaanza kuimba puani. Msimamizi akaumeza ulimi, akavuta shuka.

"Lakini kosa lenyewe nilifanya siku moja, Mama. Jina linalifanya upya kila siku. Nikifika getini tu, mashuka yanageuka rangi tena." Wakasogeleana, kona zikakutana. "Siku ile mama mkwe wangu alipokuja kunisalimu hapa kazini, nimevaa vizuri, nimempa kiti. Nakuja akapiga kelele kutoka garini, 'Waridi, njoo unisaidie!' Mama mkwe akageuka nyuma kumtafuta huyo msichana."

Kicheko kilimtoka msimamizi kabla hajakizuia. Wakunjaji wengine nao wakaangua. Waridi mwenyewe akacheka, mabega yakamtikisika.

"Ndiyo, inachekesha," akasema. "Mimi hucheka kila mara. Hata Bosi aliponiambia nafasi siipati, nilicheka. Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba ili watu wasinisikie."

Shuka lilibaki limetandazwa hewani kati yao, na hata Kinanda alisahau kuimba.

"Mgongo wangu hauwezi tena matenga, Mama. Mkuu wa chumba habebi matenga, anasimama na kufundisha. Nikiikosa hii, itabidi niache kazi, na ufuaji ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nilitaka usikie hilo Ijumaa. Basi."

Rundo likaisha. Msimamizi alijisikia vibaya, vibaya kweli, na kwa kuwa hakuzoea kujisikia hivyo, alipopewa zamu yake alikimbilia maneno yale yale ya Ijumaa. Hakuwa na nia mbaya. Utani ndio unaowafanya wapendane. Na akaongeza, "Hata mimi mngenipa jina, nisingekasirika."

Wakunjaji wakaanza kukagua mishono ya mashuka kwa bidii ambayo hajapata kuiona.

"Tulishakupa, Mama," Kinanda akasema.

"Mlinipa? Mnaniitaje?"

"Bi Najua."

Msimamizi akasimama na kona zake mbili mkononi. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, kila uso ukainama.

"Mwezi uliopita nilikuja kukueleza kwa nini naimba," Kinanda aliendelea, bila ukali. "Uliniambia unajua, nina furaha, lakini nipunguze. Mimi siimbi kwa furaha. Naimba ili nisipoteze hesabu. Wimbo ukiisha, rundo limetimia."

"Ndiyo maana hoteli wanalalamika siku hizi mashuka yanapungua?"

"Ndiyo maana."

Ah! Msimamizi alikuwa amewakaripia Nakuja na vijana wa kupakia juu ya mashuka hayo. Uso ukamwaka moto. Bi Najua! Walikuwa wakilisemea wapi? Kantini? Mumewe naye alikuwa analijua?

"Inauma," akasema kwa sauti ndogo.

"Inauma kidogo," Waridi akakubali, tena kwa huruma. "Ila lako walikuwa wanalisema usipokuwepo."

Msimamizi hakuomba rundo lingine. Alisema tu kwamba amesikia, na kwamba Ijumaa alimkosea. Kinanda akapanga mashuka yake vizuri, akakata shauri. Jina la Waridi limekwisha kuanzia saa hiyo. Aliyelitoa ndiye atakayeliondoa, tena aanzie pale lilipofanya madhara, kwa metroni. Na nafasi ile iamuliwe upya kwa kuangalia kazi ya mtu, siyo soksi.

"Na mimi nitarudi Ijumaa na lalamiko langu la kuimba," akamaliza. "Nalo mtafutie mtu wa kulisikiliza."

Metroni alikuja kesho yake kuangalia mashuka ya upasuaji. Alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kalamu tatu mfukoni. Msimamizi alimpokea ofisini mwa Bosi, na Bosi aliposhika funguo za gari, msimamizi alisimama mlangoni.

"Nimekuja kuhusu mfuaji wetu, yule uliyesimuliwa kisa cha soksi," akasema.

"Sina ubaya naye," metroni akajibu. "Lakini nieleweni—"

Msimamizi alilisikia neno lake likipanda kooni. Alifunga mdomo, akashika ukingo wa meza, akangoja. Metroni akaeleza kwamba mgonjwa aliyepasuliwa hawezi kulazwa juu ya uzembe wa mtu. Kwamba akiona doa, hajui kama ni la zamani au la jana. Kwamba anataka mtu mmoja anayepekua kila kitu, mtu atakayemfanya yeye metroni alale usingizi kwa amani. Aliongea mpaka akamaliza, na msimamizi akaona kwamba mama huyu naye alikuwa na lalamiko, tena la haki.

"Mtu huyo ni yeye," akasema. "Zile kalamu, saa na funguo zinazotoka kwenye makoti ya madaktari, tunazowarudishia kwenye bahasha, anayezitoa ni yeye. Toka ile soksi haamini mfuko wa mtu. Mashuka yenu ya upasuaji amekuwa akiyafua miaka yote hii, na hajawahi kumwachia mwingine."

Metroni akachomoa kalamu moja mfukoni. "Hata hii mliyonirudishia?"

"Hata hiyo."

"Mbona Bosi hakuniambia hayo?"

Bosi akaanza kuichunguza dari. "Kwa sababu kisa cha soksi kinachekesha zaidi," msimamizi akajibu. "Na jina lile nililitoa mimi. Ni kosa langu, na nimelifuta."

Metroni aligeukia dirisha la ofisi, ambalo mtu akisimama hapo alikiona chumba chote cha kufulia. Kule chini mfuaji wao alikuwa ameinama juu ya tenga, anageuza mfuko wa koti nje ndani, anaukung'uta, anaugeuza tena.

"Huyo msimwache aondoke," metroni akasema. "Mpeni nafasi yake."

Bosi, kwa furaha ya mtu aliyeuona ugomvi unaisha bila yeye kusema neno, akavuta karatasi na kalamu. "Naandika sasa hivi, tena nitaibandika ubaoni. Mkuu wa chumba cha kufulia ni..." Akainua macho. "Jina lake hasa nani?"

Msimamizi akafungua mdomo.

Akaufunga. Akamwangalia Bosi, na Bosi akamwangalia yeye. Akatafuta kichwani: ndevu alizikumbuka, sauti aliikumbuka, siku ya mashuka aliikumbuka mpaka harufu ya sabuni. Miaka yote hii alikuwa akimwita huyo mtu kutwa nzima.

"Sijui," akasema.

Ndipo aliposhuka ngazi mwenyewe, mbele ya macho ya watu wote, akapita kati ya mashine zinazonguruma mpaka kwenye tenga. Mfuaji akainuka, mkono mmoja kiunoni, koti la daktari mkononi. Alingoja aambiwe, kama alivyozoea.

"Baba," msimamizi akasema, "samahani sana. Unaitwa nani?"

Yule baba aliliweka koti juu ya tenga. Kisha akasema: jina lake, la baba yake na la babu yake. Mashine zilikuwa na kelele na msimamizi hakusikia vizuri, na ilikuwa rahisi mno kuitikia kwa kichwa na kuondoka.

"Rudia," akamwomba.

Akarudia, polepole kama kawaida yake, na msimamizi akasimama pale pale akasikiliza mpaka jina la babu likaisha.